Umenunua jeki mpya? Ijaribu nyumbani kabla ya kusafiri na watoto

Safu hii imezoea kuzungumza na wazazi kuhusu chanjo, lishe, homa za usiku na meno ya watoto. Leo nazungumzia kitu kinacholala kwenye buti, chini ya zulia, ambacho wengi hawakikumbuki mpaka siku tairi linapopata pancha. Nacho ni jeki.

Usishangae mwandishi wa afya kuandika habari za jeki. Kifaa hiki kinabeba mzigo mzito kuliko kingine chochote mzazi atakachowahi kukishika mkononi, tena mara nyingi watoto wakiwa wamesimama hatua chache pembeni. Kikiteleza, anayeumia ni mtu.

Askari wa usalama barabarani akikusimamisha ataomba leseni, pengine ataulizia mtungi wa kuzimia moto na pembetatu za tahadhari. Ni nadra kuulizwa jeki yako ni ya gari gani. Ukaguzi huo umeachiwa wewe mwenye gari.

Jeki hupotea vipi?

Magari mengi ya familia hapa Tanzania yameletwa kutoka Japani yakiwa yametumika. Mpaka gari lifike kwako limepita mikononi mwa watu wengi: bandarini, yadi, kwa mmiliki wa kwanza, wa pili, na gereji kadhaa. Vitu vidogo ndivyo hutoweka mapema. Leo utakosa spana ya magurudumu, kesho mkono wa jeki, keshokutwa jeki yenyewe.

Wakati mwingine jeki ipo lakini si yake. Shemeji aliiazima akarudisha nyingine. Fundi alichanganya vifaa vya magari mawili. Kwa macho utaona chuma chenye umbo la jeki ukaridhika, kumbe ni ya gari dogo na wewe unaendesha Noah.

Kuna na magari ambayo hayakuja na jeki kabisa. Baadhi ya magari madogo na yale yanayotumia petroli pamoja na umeme hayana tairi la akiba. Badala yake yana chupa ya dawa ya kuziba pancha na pampu ndogo. Dawa hiyo husaidia tundu dogo la msumari kwenye sehemu ya tairi inayokanyaga lami. Tairi likipasuka ubavuni, haitasaidia kitu.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kufungua buti na kuangalia. Katika magari mengi jeki hukaa karibu na tairi la akiba, ubavuni mwa buti nyuma ya kifuniko cha plastiki, au chini ya kiti cha mbele. Ukiikuta, angalia kama imekunja mikono, imeshika kutu, au nyuzi za skrubu yake zimelika. Kutu kidogo huondoka kwa brashi na grisi. Chuma kilichokunjika au skrubu iliyolika haina dawa, jeki hiyo ibadilishwe.

Ukiamua kununua, jiulize maswali matatu.

La kwanza: Itaingia chini ya gari?

Hapa ndipo wengi hukwama. Dukani unaonyeshwa jeki ya chupa, ile ya mafuta inayopampwa kwa mkono. Inapendeza, ni nzito, na muuzaji anakuhakikishia inainua tani mbili. Yote yanaweza kuwa kweli na bado isikufae.

Jeki nyingi za chupa za ukubwa huo, zikiwa zimeshushwa kabisa, husimama kati ya sentimita 15 na 20 kutoka chini. Gari dogo kama IST, Vitz au Passo liko chini, na tairi likiisha upepo upande huo hushuka zaidi. Nafasi iliyobaki inaweza isitoshe hata kuiingiza jeki hiyo.

Jirani yangu mmoja, mama wa watoto watatu, aliligundua hilo uani kwake kabla ya safari ya kwenda Moshi. Kaka yake alimwambia atoe upepo tairi moja kwanza, kisha ajaribu jeki aliyoletewa na kijana wa vifaa. Haikuingia. "Dada, hapa tuna pampu, lakini ungekuwa Mkata saa mbili usiku na watoto wamelala nyuma ungefanyaje?" kaka yake akamuuliza. Jeki ilirudishwa siku hiyohiyo.

Kwa hiyo beba futi ya fundi nguo au rula. Pima kutoka ardhini hadi sehemu ya kuwekea jeki, tairi likiwa halina upepo. Nenda dukani na namba hiyo. Gari dogo kwa kawaida huhitaji jeki ya mkasi, ile inayofunguka kama mkasi unapozungusha skrubu, kwa sababu ikikunjwa hulala chini kuliko ya chupa.

Pima pia upande wa pili, yaani inafika juu kiasi gani. Tairi lililoisha upepo hutoka kwa urahisi, lakini lile la akiba lililojaa upepo huhitaji nafasi zaidi ili liingie. Jeki fupi itakuachia gari hewani lisilo na tairi huku lingine likigoma kuingia.

La pili: Itabeba uzito wa gari lako?

Kila jeki ina kikomo chake, na kwa kawaida kimeandikwa kwenye kibandiko au kimegongwa kwenye chuma: kilo 800, tani moja, tani mbili. Ikiwa jeki haina maandishi yoyote, iache.

IST tupu ina uzito wa takriban tani moja. Noah huzidi tani moja na nusu. Land Cruiser kubwa huzidi tani mbili. Ni kweli kwamba ukiinua kona moja jeki haibebi gari zima, sehemu ya uzito hubaki kwenye matairi mengine matatu. Lakini uzito haugawanyiki sawasawa. Mbele kuna injini, na nyuma pengine kuna magunia mawili ya mchele na ndoo ya mafuta ya alizeti. Chagua jeki yenye nafasi ya ziada badala ya ile inayofikia kikomo chake kila ikiinua.

Namba hiyo haihesabu watu waliokaa ndani. Mtoto akihama kutoka dirisha moja kwenda jingine gari hutikisika, na mtikisiko huo ndio unaoitelezesha jeki.

La tatu: Itakaa wapi?

Gari dogo halina chesisi ya vyuma viwili virefu kama ya Hilux. Bodi yenyewe ndiyo uti wa mgongo. Chunguza chini ya milango, utaona ukingo wa bati uliokunjwa kuelekea chini. Nyuma kidogo ya tairi la mbele, na mbele kidogo ya tairi la nyuma, kuna vijikato viwili kwenye ukingo huo. Katikati ya vijikato hivyo ndipo mahali pa jeki. Kitabu cha gari huonyesha kwa mchoro, hata kama kimeandikwa Kijapani.

Kichwa cha jeki ya mkasi kwa kawaida kina mfereji unaoupokea ukingo huo. Kichwa cha jeki ya chupa ni kidude kidogo cha duara. Ukikisimamisha chini ya bati, kinaweza kulikunja au kuteleza. Ndiyo maana magari ya chesisi kama Hilux na Land Cruiser ndiyo yanayokwenda vizuri na jeki ya chupa, ikiwekwa chini ya ekseli au mahali kitabu kinapoelekeza.

Usisahau mkono wa jeki. Nimeona jeki za mtumba zikiuzwa Kariakoo bila mkono, na kununua jeki hiyo ni kununua kufuli bila ufunguo. Mwombe muuzaji auchomeke na kuuzungusha mbele yako. Jeki ya mkasi ipande na kushuka bila kukwama. Ya chupa isiwe na alama ya mafuta yanayovuja chini au kuzunguka bomba lake.

Jaribio la Jumamosi asubuhi

Ukishainunua, usiitupe kwenye buti ukahesabu kazi imekwisha. Ijaribu nyumbani, mahali tambarare na pagumu, si kwenye mchanga. Ukiweza, mfanye wewe mwenyewe na yule mwingine anayeendesha gari hilo, fundi akiwa pembeni kama mwalimu.

Vuta breki ya mkono. Gari la otomatiki liweke kwenye P, la gia liweke gia ya kwanza. Weka jiwe au kabari kwenye tairi lililo kinyume cha kona unayoinua: ukiinua mbele kushoto, zuia nyuma kulia.

Kabla ya kuinua, legeza nati kidogo tairi likiwa bado limekanyaga chini. Nati zilizokazwa na bunduki ya upepo ya gereji huwa ngumu sana, na kuzivuta gari likiwa hewani ni kulivuta gari litoke kwenye jeki. Zikikushinda, nunua spana ya msalaba, ambayo inakupa mikono miwili ya kusukumia. Mjamzito na mwenye maumivu ya mgongo asishike kazi hii. Tairi la gari dogo pamoja na ringi lake ni takriban kilo 15, na linanyanyuliwa ukiwa umechuchumaa.

Sasa inua mpaka tairi liachane na ardhi kwa sentimita mbili au tatu. Tazama jeki: imesimama wima au imeanza kuinama? Ikiinama, shusha uanze upya. Kama imesimama, pima kutoka ardhini hadi ukingo wa juu wa tundu la tairi, kisha subiri dakika 10 na upime tena. Jeki ya mafuta ikiwa imeshuka yenyewe, ina valvu isiyofunga au mpira uliochoka. Irudishe dukani.

Katika muda wote huo hakuna kichwa, mkono wala mguu unaoingia chini ya gari. Jeki ya gari imetengenezwa kuinua kwa muda mfupi wa kubadilisha tairi. Haikutengenezwa kushikilia gari wakati mtu amelala chini yake akitafuta oili inakovujia. Fundi anayefanya kazi chini ya gari anahitaji stendi za chuma. Ukimwona fundi wako ameingia chini ya gari lililo kwenye jeki peke yake, mwombe atoke.

Ukirudisha tairi, zikaze nati kwa kuvukavuka, si kwa kuzunguka duara, na uzimalizie gari likiwa limeshuka. Zihakiki tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Kabla ya kufunga buti, minya upepo wa tairi la akiba. Jeki nzuri na tairi la akiba lisilo na upepo ni safari ileile ya kukwama. Kama tairi lako la akiba ni lile jembamba, mengi huandikwa ubavuni kwamba yajazwe hadi psi 60 na kwamba mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa. Jembamba hilo linakufikisha kwa fundi pancha, halikufikishi Mbeya.

Mwisho, irudishe jeki kwenye kishikio chake na uikaze isicheze. Gari likigonga au likifunga breki ghafla, chuma kilicholegea kwenye buti hurushwa mbele, na kwenye gari la familia kiti cha nyuma ndicho cha watoto.

Njiani, watoto kwanza

Pancha ikikupata barabarani, usisimame kwenye kona wala kwenye mteremko. Ni bora kuliendesha polepole mita chache zaidi, hata kama ringi litaumia, kuliko kuinua gari mahali malori yanapotokea bila kukuona. Washa taa za hatari, weka pembetatu nyuma ya gari kwa umbali wa kutosha.

Kisha washushe wote, hata aliyelala. Watoto washukie upande usio wa lami, waende na mtu mzima mmoja mbali na gari na mbali na barabara, wasikae nyuma ya gari. Kazi ya mtu huyo ni moja tu: kuwashika. Mtoto wa miaka minne atataka kuja kuona baba au mama anafanya nini, na atanyoosha mkono palepale pasipofaa. Ikiwa uko peke yako na watoto wadogo, hakuna aibu kupiga simu na kusubiri msaada.

Kandokando ya barabara zetu udongo mara nyingi ni laini, hasa wakati wa mvua. Jeki ina kitako kidogo, hivyo huzama au kuinama. Beba kipande cha ubao mnene, kipana kuliko kitako cha jeki, ukitandike chini yake. Usitumie tofali wala jiwe, hupasuka au huteleza.

Kuna na tahadhari moja isiyo na gharama. Ukishatoa tairi la akiba kwenye buti, lilaze chini ya ukingo wa gari karibu na jeki. Ukilitoa lile bovu, badilisha: bovu liingie chini, zima lifungwe. Jeki ikiteleza, gari litaangukia tairi badala ya kufika chini kabisa.

Ukimaliza, ondoa mawe na matawi uliyoweka barabarani. Jiwe lililokuokoa wewe mchana linaweza kumuua mwendesha pikipiki usiku.

Kwa nini mwili haungoji

Ili tupumue, kifua lazima kitanuke. Gari likikandamiza kifua, mtu anaweza kuwa na mdomo wazi na pua isiyoziba na bado akashindwa kuvuta pumzi. Ubongo ukikosa oksijeni huanza kuumia ndani ya dakika chache. Hakuna muda wa kusubiri gari la wagonjwa litoke mjini.

Kwa hiyo aliyebanwa kifua au shingo aondolewe mzigo mara moja. Iteni watu, nyanyueni gari kwa pamoja au kwa jeki ya gari jingine, mkisogeza ubao na matairi chini kadiri linavyopanda. Msiwashe gari wala kujaribu kulisogeza kwa kuliendesha. Msimvute aliye chini huku bado amebanwa.

Aliyebanwa mguu au paja kwa muda mrefu ana hatari nyingine. Madaktari Eric Bywaters na Desmond Beall waliieleza mwaka 1941 huko London, baada ya mabomu ya vita kuangusha nyumba juu ya watu. Waliookolewa walionekana wana nafuu, kisha figo zao zikashindwa kufanya kazi siku zilizofuata. Msuli uliobanwa huharibika, na mzigo ukiondolewa sumu zake huingia kwenye damu.

Ndiyo sababu tazama saa ajali inapotokea. Piga 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji au 112 kwa Polisi. Ukifika hospitali, mwambie daktari alibanwa tangu saa ngapi na kutolewa saa ngapi. Hata kama mgonjwa anaongea na kutembea, asirudishwe nyumbani bila kuchunguzwa.

Mzazi, jeki unayoinunua wiki hii pengine itakaa miaka miwili bila kuguswa. Siku itakapohitajika, anayeendesha anaweza asiwe wewe. Mwonyeshe mwenzio, dada yako au kijana wako mkubwa mwenye leseni mahali inapokaa, mkono wake ulipo na inapowekwa chini ya gari. Ukiwa na rangi ya kucha nyumbani, paka alama ndogo kwenye vile vijikato vya ukingo wa gari, pande zote nne. Usiku, kwa mwanga wa tochi ya simu, ataipata haraka.